Jina Kenyatta: Watu, majumba na njia iliyopitia Lodwar

Jina Kenyatta ni miongoni mwa majina yanayotajwa zaidi nchini Kenya, na pia miongoni mwa yale yanayochanganya zaidi. Kuna Kenyatta aliyekuwa Rais wa kwanza na Kenyatta aliyekuwa Rais wa nne. Kuna Margaret Kenyatta wawili na Peter Kenyatta wawili. Kuna hospitali, vyuo vikuu viwili, uwanja wa ndege, jumba la mikutano, viwanja vya michezo na barabara kadhaa. Na mjini Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kuna nyumba isiyo na fahari yoyote ambayo wenyeji huiita Nyumba ya Kenyatta. Makala haya yanaeleza nani ni nani na kipi ni kipi. Yanaanza na nyumba hiyo kwa sababu majengo mengine yote makubwa yalipewa jina hilo baada ya mwenyewe kushika mamlaka, ilhali ile ya Lodwar ililipata wakati ambapo hakuwa hata na ruhusa ya kutoka mjini.

Kwanza, asili ya jina lenyewe. Mwana wa Muigai na Wambui, aliyezaliwa eneo la Gatundu katika miaka ya 1890, aliitwa Kamau wa Ngengi. Alipobatizwa mwaka 1914 katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, akawa Johnstone Kamau. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Kenyatta lilitokana na kinyata, mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa kiunoni katika siku zake za ujana jijini Nairobi. Kwa hiyo lilianza kama lakabu ya mtu mmoja, wala si jina la ukoo. Jomo lilikuja baadaye, alipochapisha kitabu chake kuhusu mila za Wakikuyu mjini London mwaka 1938. Kwamba Kenyatta linafanana na jina la nchi ni bahati iliyomfaa sana mwanasiasa huyo, naye hakuwa na haja ya kuwasahihisha waliodhani kwamba moja limezaa jingine.

Kutokana na asili hiyo, jamaa wengi wa karibu hawalitumii. Ndugu yake aliitwa James Muigai. Beth Mugo, aliyekuwa Waziri wa Afya ya Umma kati ya 2008 na 2013, ni binti wa Muigai huyo, na Ngengi Muigai, aliyewahi kuwa mbunge wa Gatundu, ni wa ukoo huohuo. Ni uzao wa mvaa mkanda peke yake ndio ulioligeuza pambo la kiunoni kuwa jina la nyumba.

Tuingie sasa Turkana. Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1952, saa chache baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari, Kenyatta alikamatwa na kusafirishwa hadi kaskazini. Kesi yake na ya wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, ilisikizwa Kapenguria, na Aprili 8, 1953 Hakimu Ransley Thacker akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu kwa kosa la kusimamia Mau Mau. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa, aliwekwa kizuizini. Waliobaki walitumikia kifungo Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, si mbali na mpaka wa Ethiopia. Huko Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, alipewa kazi ya upishi, akawa anawapikia wafungwa wenzake. Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa vita vya msituni, naye alifungwa gerezani humo, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza.

Aprili 14, 1959 kifungo kilikwisha. Uhuru haukufuata. Hukumu ilikuwa imeagiza kwamba baada ya gereza aishi mahali atakapopangiwa na Serikali, na mahali hapo pakawa Lodwar. Kwa karibu miaka miwili alikaa katika mji huo mdogo kando ya mto Turkwel, si mfungwa na si mtu huru.

Kwa nini Lodwar? Watu husema joto na umbali, na hayo ni kweli. Lakini ilikuwapo pia sababu ya kisheria ambayo husahaulika. Sheria ya wilaya za pembezoni ya mwaka 1902, na nyingine ya mwaka 1934 kuhusu usimamizi wa wilaya maalumu, ziliifanya Turkana kuwa eneo lililofungwa. Mgeni hakuingia ila kwa kibali, na mwenyeji aliyetaka kutoka naye alitakiwa kuwa na kibali. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kumjengea Kenyatta ukuta, kwa maana wilaya nzima ilikuwa tayari imezungushiwa ukuta wa makaratasi, na Waturkana walikuwa wakiishi ndani yake miaka mingi kabla ya mgeni huyo mashuhuri kuletwa.

Hata hivyo, ukuta haukulizuia jina. Juni 1958, Oginga Odinga alikuwa amethubutu kusema katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba wafungwa wa Kapenguria wangali viongozi wanaoheshimiwa na Waafrika, na tangu hapo kelele za kutaka Kenyatta afunguliwe hazikukoma. Mwaka 1960, chama kipya cha KANU kilimchagua kuwa rais wake akiwa bado Lodwar. Serikali ikakataa kumtambua, na James Gichuru akashika nafasi hiyo kwa niaba yake. Gavana Patrick Renison alitoa taarifa ya kumlaani, akimwonyesha kama kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilipata viti vingi kuliko KADU, lakini ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Mwezi uliofuata, viongozi wa vyama vyote viwili walisafiri hadi Lodwar kuonana naye. Ndipo wakoloni walipoona kwamba mtu waliyemficha mbali ndiye waliyelazimika kumfuata. Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, na Agosti 14 mwaka huohuo akarejeshwa nyumbani Gatundu.

Lodwar hakuwa peke yake. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kwenda kuishi naye. Mwana wao Uhuru alizaliwa Oktoba 26, 1961, miezi miwili na siku chache baada ya familia kurudi Gatundu. Mwenye kuhesabu miezi atajua kwamba safari ya Rais wa nne wa Kenya ilianzia Turkana.

Wengine wa jina hili katika familia ni hawa. Peter Muigai Kenyatta, kifungua mimba, mama yake akiwa Grace Wahu, alikuwa mbunge wa Juja na akafariki mwaka 1979. Hapaswi kuchanganywa na Peter Magana Kenyatta, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1944, mama yake akiwa Edna Clarke. Margaret Wambui Kenyatta, aliyezaliwa mwaka 1928, alikuwa Meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika wadhifa huo, na baadaye akaiwakilisha Kenya katika shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Alifariki mwaka 2017. Margaret Gakuo Kenyatta ni mwingine kabisa: ni mke wa Uhuru, Mama wa Taifa kati ya 2013 na 2022, na mwanzilishi wa kampeni ya afya ya mama na mtoto iitwayo Beyond Zero, iliyozinduliwa Januari 2014 na kupeleka kliniki za magari mashambani.

Wapo pia walioliazima. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960 na baada yake, baadhi ya watu weusi waliacha majina waliyorithi kutoka enzi ya utumwa na kuchagua majina ya Afrika. Mwanaharakati wa haki za raia na mwalimu wa sheria Muhammad Kenyatta, aliyefariki mwaka 1992, alizaliwa akiitwa Donald Jackson. Mpiga saksafoni wa jazi Robin Kenyatta, aliyefariki mwaka 2004, naye alilichagua. Hawa hawakuwa na undugu na Gatundu. Walilipenda jina kwa sababu ya mtu aliyetoka kifungoni akatawala.

Kuhusu mahali, mengi ya majengo hayo yalikuwapo kabla ya kupewa jina. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilianzishwa mwaka 1901 kama hospitali ya wenyeji, ikaitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya Uhuru ikabadilishwa tena. Barabara ya Kenyatta Avenue jijini Nairobi iliitwa Delamere, kwa heshima ya kinara wa walowezi. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilianza katika kambi ya jeshi la Uingereza iliyokabidhiwa kwa Serikali mwaka 1965, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 wakati mwenyewe angali mfungwa Lokitaung, ulipewa jina lake baada ya kifo chake mjini Mombasa, Agosti 22, 1978. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja, ni cha baada ya kifo hicho. Mjini Kisumu, uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta ulifunguliwa Juni 2021 katika sherehe za Madaraka. Wakazi wenye umri mkubwa hawakukosa kukumbuka Oktoba 1969, pale walinzi wa Rais walipowafyatulia risasi raia katika mji huohuo wakati wa ufunguzi wa hospitali, naye Odinga akatiwa kizuizini.

Jina hilo limepungua kidogo tangu Katiba ya 2010. Oktoba 20, sikukuu ya kukumbuka kukamatwa kwake, ambayo kwa miongo mingi iliitwa Kenyatta Dei, sasa ni Siku ya Mashujaa, nao wenzake wa Kapenguria wakapata nafasi yao. Katiba hiyohiyo inakataza picha ya mtu binafsi kwenye noti na sarafu. Noti mpya zilipotolewa mwaka 2019 zilikuwa na picha ya Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, na mbele ya jumba hilo ipo sanamu ya Mzee ameketi. Waliopinga walikwenda mahakamani wakidai kwamba hiyo ni picha ya mtu, lakini mahakama ikaona vingine. Ni ushindi wa mlango wa nyuma, kwa maoni ya mwandishi huyu, lakini ni ushindi.

Turkana yenyewe ilipata nini kutokana na mgeni wake? Sheria zilizoifunga wilaya hiyo hazikufutwa na Serikali ya Kenyatta. Ziliendelea kuwapo katika vitabu vya sheria mpaka mwaka 1997, wakati wa Rais Daniel arap Moi. Mtu aliyeonja mwenyewe maisha ya vibali alitawala miaka 15 bila kuviondoa huko.

Mwanawe aliporudi Turkana akiwa Rais, alikuta mambo mawili makubwa. La kwanza ni mafuta, yaliyogunduliwa mwaka 2012. Juni 2018 Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta ghafi kwa malori hadi Mombasa, na mwaka 2019 akatia saini sheria inayoipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya Serikali na jamii ya eneo hilo asilimia tano, baada ya mvutano mrefu na viongozi wa Turkana.

La pili ni Kakuma. Mji huu ulio kaskazini-magharibi mwa Lodwar, katika njia ya kuelekea Sudan Kusini, umekuwa na kambi ya wakimbizi tangu 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Makazi ya Kalobeyei yaliongezwa karibu nao mwaka 2016. Mwishoni mwa 2024 kambi hiyo na makazi hayo vilikuwa na watu wapatao 300,000. Kwa miongo mitatu hali ya mkimbizi wa Kakuma ilifanana kwa jambo moja na ya Kenyatta kule Lodwar: hakuwa mfungwa, lakini hakuweza kupanda basi kwenda Kitale bila kibali cha kusafiri.

Serikali ya Uhuru iliyumba katika jambo hili. Machi 2014 iliamuru wakimbizi wote waliokuwa mijini warudi kambini. Mei 2016 ilitangaza kwamba itafunga Dadaab na Kakuma, kisha ikaiacha Kakuma nje ya mpango huo. Mwaka 2021 ikatangaza tena kuzifunga zote mbili ifikapo Juni 30, 2022, na siku hiyo ikapita kambi zikiwa wazi. Lakini Novemba 2021 Rais huyohuyo alitia saini Sheria ya Wakimbizi, iliyoanza kutumika Februari 2022 na inayompa mkimbizi njia pana zaidi ya kufanya kazi na biashara. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Serikali ya Rais William Ruto mwaka 2025, unakusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida inayokaliwa na wakimbizi na wenyeji pamoja. Hata hivyo, sheria hiyo ingali inampa waziri uwezo wa kuteua maeneo ya wakimbizi kukaa, na anayetaka kutoka katika eneo lake anatakiwa kuomba ruhusa kwanza.