Pumzi na Sala: Habari ya Watafuta-Utulivu wa Misri, Sinai na Mlima Athos



Kila mara siku za mafungo zinapofika, kuna ulizo moja lenye kurudi. Mseminari anapiga magoti kanisani, anafunga macho, na mara akili yake inakimbia: shamba la baba yake, deni la masomo, habari mbaya zilizotoka nyumbani. Kisha nusu saa anainuka na kusema: «Leo sikusali hata kidogo.» Wamoja wamesikia tena kwamba siku hizi watu wa mijini wanafundishwa kutuliza roho kwa kuvuta pumzi pole pole. Nao wanauliza: je, jambo hili lamfaa Mkristu? Ni desturi ya kipagani tu, ao Ekleziya nayo imelijua?

Tujibu kwa njia ya historia. Ulizo hili si jipya. Liliulizwa kwa nguvu sana miaka karibu 700 iliyopita, likagawanya mji mzima wa Constantinople, na likahukumiwa katika mtaguso.

I. Jangwa la Misri

Katika karne ya 4, watu wengi waliacha miji na vijiji vyao, wakaenda kukaa jangwani Misri, wakimfuata Mtakatifu Antoni aliyekufa mwaka wa 356. Mmoja wao alikuwa Evagri wa Ponto. Alikuwa shemasi mwenye elimu na sifa kubwa katika Constantinople, lakini aliukimbia mji ule kwa sababu ya kishawishi kilichotaka kumshinda. Alifika Misri karibu na mwaka wa 383, akakaa Nitria, kisha katika mahali palipoitwa Kelia, mpaka kufa kwake mwaka wa 399.

Evagri aliandika juu ya mawazo mabaya 8 yenye kumshambulia mmonaki. Tutazame vema hesabu yake: pamoja na ulafi, tamaa ya mali, hasira na kiburi, aliweka pia huzuni, na ule uchovu wa roho ambao Wagriki wanauita akedia. Akedia hufika saa sita, jua likisimama. Mmonaki anachungulia dirishani, anatazama kama ndugu fulani anakuja kumtembelea, anachukia chumba chake na kazi ya mikono yake, anafikiri kwamba mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Padri gani aliyewekwa peke yake katika misioni ya mbali asiyeujua uchovu huo?

Basi, kwa wazee wale, huzuni ya namna hii si jambo la kuvumilia tu, wala furaha si bahati ya mtu aliyezaliwa mwepesi wa kucheka. Huzuni ni adui wa kupigana naye, na furaha ni matunda ya kazi. Ni kweli, mafundisho mengine ya Evagri yalihukumiwa baadaye. Lakini maneno yake juu ya vita ya roho yalipokelewa mashariki na magharibi.

Aliyeyaleta magharibi ni Yohane Kasiano. Yeye alikaa na wazee wa Misri, kisha akajenga monasteri mjini Marseille, na katika karne ya 5 akaandika mazungumzo yao. Katika mazungumzo ya 10, mzee Isaka anafundisha dawa ya akili yenye kurukaruka: kushika mstari mmoja tu wa Zaburi ya 69 (ya 70 kwa hesabu ya Waebrania), ule wenye kumwita Mungu aje kusaidia upesi, na kuurudilia usiku na mchana, katika raha na katika taabu. Mstari huo ndio tunaoanza nao Breviari mpaka leo. Mara ngapi tunautamka kwa haraka, bila kukumbuka kwamba wazee wa jangwani waliufanya kuwa ngome yao!

II. Mlima Sinai

Katika karne ya 7, abati mmoja wa Sinai, Yohane, aliandika kitabu kiitwacho Ngazi, chenye vidaraja 30. Kwa sababu ya kitabu hicho watu wanamwita Yohane Klimako, maana yake Yohane wa Ngazi. Tuchukue kwake maneno mawili.

La kwanza ni juu ya furaha. Yohane anashangaa kuona kwamba katika toba ya kweli kilio na furaha vinachanganyika, sawa na asali na nta katika sega. Furaha ya mmonaki si kusahau zambi zake wala taabu ya watu; ni kuzilia mbele ya Mungu mwenye kusamehe.

La pili ni juu ya pumzi. Anapotaja utulivu, ambao kwa kigriki unaitwa hesikia, anashauri kwamba kumkumbuka Yezu kuungane na pumzi ya mtu. Wamoja wanasema hapa alifundisha namna ya kupumua. Wengine wanasema alitaka kuonya tu kwamba sala isikatike, kama vile pumzi isivyokatika. Hata hivyo, neno lilikwisha kupandwa, nalo likaota.

III. Mlima Athos

Mlima Athos uko inchi ya Wagriki, na juu yake zimejaa monasteri tangu karne ya 10. Katika karne ya 13 aliishi huko Nikefori, mtu aliyetoka Italia. Yeye aliandika wazi namna yenyewe: ukae mahali pa kimya, ukusanye akili yako, uifuatishe na pumzi inapoingia, mpaka ishuke moyoni, na humo uliite jina la Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, ukimwomba huruma. Maandiko mengine ya wakati ule yanaongeza: kuinamisha kidevu kifuani, na kupunguza mwendo wa pumzi. Tena Nikefori hakumfungia mlango mtu asiyeweza: akishindwa kupaona mahali pa moyo, atamke tu ile sala ndani yake bila kuchoka, na mlango utafunguliwa.

Mwalimu mwingine, Gregori wa Sinai, aliyekufa mwaka wa 1346, alieneza sala hiyo. Lakini hakuishi katika amani. Waturki walikuwa wakishambulia pwani za Athos, naye alilazimishwa kuhama, mwishoe akajenga monasteri mpakani mwa Bulgaria. Gregori Palamas vile vile, ambaye tutasema habari zake sasa, aliuacha mlima kwa sababu ya mashambulio hayo, karibu na mwaka wa 1325. Ndugu, tukumbuke jambo hili, sisi ambao watu wetu wamekimbia vijiji vyao mara nyingi tangu mwaka wa 1996. Sala ya utulivu haikukomaa katika miaka ya utulivu. Waliojifunza kutuliza pumzi zao ni watu walioamka usiku kwa kelele za maadui.

IV. Ubishi mkubwa

Karibu na mwaka wa 1335 ulianza ubishi. Barlaam, mmonaki wa Kigriki aliyezaliwa Calabria, kusini ya Italia, alikuwa mtu wa akili na elimu nyingi. Aliposikia juu ya videvu vilivyoinama na pumzi zilizopimwa, alicheka, akawapa wale wamonaki jina la dharau: watu wenye roho katika kitovu. Maneno yake yalikuwa na uzito. Je, neema ya Mungu yapatikana kwa ufundi wa mapafu? Mtu mwenye kutaka kumwona Mungu asitoke nje ya mwili wake, badala ya kuuchungulia?

Palamas alimjibu kwa maandishi tangu mwaka wa 1338. Jibu lake laweza kugawanyika katika sehemu tatu.

Kwanza, mwili si gereza. Mtakatifu Paulo anafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na Neno wa Mungu mwenyewe alitwaa mwili. Uso wa Musa uling'aa, uso wa Stefano ulionekana kama uso wa malaika, Elia alisali kichwa kikiwa katikati ya magoti. Kama mwili unashiriki katika zambi, sababu gani usishiriki katika sala?

Pili, akili ya mwenye kuanza inaruka mara tu anapoikusanya; hakuna kitu chepesi kuliko hiyo. Basi si vibaya kumsaidia kwa pumzi, ambayo ikienda pole pole inaizuia kidogo. Ni kama fimbo ya mtoto anayejifunza kutembea: aliyekomaa hupata utulivu huo bila kuutafuta.

Tatu, pumzi haizai neema. Neema ni zawadi ya Mungu, naye humpa amtakaye.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1341 mtaguso ulikusanyika katika kanisa la Hagia Sophia, na Barlaam akashindwa. Alirudi magharibi, akawa askofu wa Gerace katika Ekleziya yetu, na huko Avignon alimfundisha kigriki mshairi Petrarca. Kwa Palamas mambo hayakuisha. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliwaka, yeye akatiwa gerezani, akatoka mwaka wa 1347 na kuwekwa askofu mkuu wa Thessaloniki. Mwaka wa 1354 Waturki walimkamata wakamweka utumwani karibu mwaka mzima. Wagriki walimtangaza mtakatifu mwaka wa 1368. Wanateolojia wa magharibi walibisha kwa muda mrefu mafundisho yake juu ya Kiini cha Mungu na nguvu zake. Ubishi huo si wa leo.

V. Magharibi, na nyakati zetu

Tusifikiri kwamba jambo hili ni la Wagriki peke yao. Kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alichokikubali Papa Paulo III mwaka wa 1548, kinaonyesha namna tatu za kusali. Katika ya tatu, mtu anatamka neno moja moja la Baba Yetu kwa kila pumzi, na katikati ya pumzi mbili anafikiri maana ya neno lile, ao yule anayemwomba.

Rozari nayo ina mwendo wake. Mwaka wa 2001, mganga Luciano Bernardi na wenzake wa Italia walitangaza uchunguzi juu ya watu 23 waliosali Salamu Maria kwa kilatini. Walipozoea kupumua mara 14 hivi kwa dakika, katika sala pumzi zao zilishuka mpaka karibu 6, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Basi bibi zetu wenye kusali rozari jioni walikuwa na dawa ambayo waganga wameipima nyuma.

Lakini wazee walitoa pia maonyo. Askofu Teofani wa Urusi, alipotafsiri katika karne ya 19 kitabu kikubwa cha sala hiyo, kiitwacho Filokalia, kilichopigwa chapa Venezia mwaka wa 1782, aliondoa sehemu zenye kufundisha pumzi, sababu aliogopa watu wasio na kiongozi wasijidhuru. Na barua ya Roma ya tarehe 15 mwezi wa 10, 1989, juu ya namna za kutafakari, inakubali msaada wa mwili, lakini inaonya tusidhani kwamba raha ya mwili uliotulia ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu.

VI. Mafundisho kwetu

Tushike basi mambo matatu.

1. Mseminari asiyeweza kukusanya akili asikate tamaa. Aketi wima, avute pumzi pole pole, aliite jina la Yezu. Wazee wakubwa walianza hivyo, hawakuona haya.

2. Mwenye kutulia asijisifu. Utulivu wa pumzi ni shamba lililolimwa. Mbegu na mvua vyatoka kwa Mungu. Mazoezi yakimletea hofu ao kizunguzungu, aache, amwendee kiongozi wake wa roho.

3. Utulivu unapimwa mlangoni. Akitoka kanisani, na mjane aliyekimbia vita anamgonjea nje, je, anampokea kwa uso wa furaha, ao anachukia kwamba sala yake imekatwa? Palamas alitoka kimya cha Athos, akaenda kuwachunga watu wa Thessaloniki waliogawanywa na vita. Katekista naye, mwenye kutembea kilometa nyingi toka kijiji mpaka kijiji, anaweza kusali hivyo njiani, hatua kwa hatua, pumzi kwa pumzi, ili akifika awaletee wakristu moyo uliotulia.

Bwana wetu Yezu Kristu, aliyewavuvia mitume pumzi yake jioni ya Pasaka na kuwapa amani, atujalie sisi vile vile.