Gari Lililokataa Kuwaka: Betri, Dizeli na Mafundi wa Eastlands

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Pistoni hufinya hewa ndani ya silinda mpaka ibaki sehemu moja ya 15 au hata ya 20 ya ujazo wake wa mwanzo. Joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo na nozeli huwaka yenyewe. Rudolf Diesel aliomba hataza ya wazo hili mwaka 1892, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilipatikana 1897. Kutokana na muundo huo, injini ya dizeli ya zamani ikishaanza kuzunguka haihitaji umeme tena. Kazi ni kuizungusha mara ya kwanza, maana hewa inayofinywa kwa nguvu kiasi hicho husukuma pistoni irudi nyuma. Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Muthurwa hadi Kayole, namna ya kuupata mzunguko huo wa kwanza bila betri imewapa watu kazi kwa vizazi kadhaa.

Katika nchi za theluji tatizo hujitokeza wazi. Trekta ikilala nje usiku wa nyuzi 18 chini ya sifuri, betri yake hubaki na karibu nusu ya nguvu, oili huwa nzito, na dizeli yenyewe huanza kutoa nta inayoziba chujio. Nairobi haina theluji. Hata hivyo, alfajiri za Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo silinda hupata hewa pungufu. Betri mpya haitikiswi na baridi ya namna hiyo. Iliyochoka, ambayo pleti zake zimefunikwa na salfeti, huzimika papo hapo. Tangu zamani magari mengi ya Eastlands yametembea na betri zilizochoka, kwa sababu betri mpya ni gharama ambayo mwenye gari la biashara huiahirisha kadiri awezavyo.

Wakaazi wa kwanza wa mitaa hiyo waliojua injini walitoka kwenye reli na jeshini. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli, na karakana za reli ziliwafundisha wengi kushika spana. Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza madereva na makanika waliotumikia vikosi vya uchukuzi vya jeshi la Afrika Mashariki, huko Uhabeshi na Burma. Malori waliyoyaendesha, kama Bedford, yalitumia petroli na yalikuwa na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono. Stata ya umeme ilikuwapo tangu Charles Kettering alipoitengenezea Cadillac mwaka 1912, lakini hendeli iliendelea kubebwa kwa miongo mingi kama akiba. Mtu mmoja mwenye mkono imara aliweza kuliamsha lori la petroli. Alitakiwa tu kushika hendeli kwa vidole vyote upande mmoja bila kuuzungushia dole gumba, kwa kuwa injini ikirusha nyuma huvunja mkono.

Dizeli iliifukuza hendeli. Injini kubwa ya basi haizungushwi na mtu mmoja. Kenya Bus Service, iliyoanza 1934 na kuweka depo yake Eastleigh, iliweza kuhimili mabasi ya dizeli kwa kuwa ilikuwa na karakana, akiba ya betri na mafundi wa zamu. Gari la mtu binafsi halikuwa na hayo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za uchukuzi zilizokuwa zikidaiwa, na magari yaliyokuwa yakifanya kazi kwa kujificha yakajaa barabarani. Mengi yalikuwa yamechakaa, na usiku yalilala nje, kando ya nyumba au kwenye uwanja wa mtaa.

Hapo kusukuma gari kukawa sehemu ya kazi ya kila siku. Dereva huweka swichi, hukanyaga klachi na kuingiza gia ya pili au ya tatu. Makanga, utingo na yeyote aliye karibu husukuma mpaka gari lishike mwendo, kisha klachi huachiwa ghafla na magurudumu huizungusha injini. Gia ya kwanza haifai, kwa sababu hufunga magurudumu kabla injini haijazunguka vya kutosha. Madereva wenye busara walilaza magari mahali penye mteremko, pua ikielekea chini, wakiweka jiwe chini ya gurudumu. Watu wengi wameiona picha hii kama tabia ya matatu tu, na hilo ni kosa. Kilichokosekana ni mtaji wa kununua betri, na pengo hilo lilizibwa na misuli ya vijana ambao mara nyingi hawakulipwa chochote.

Ufundi wenyewe ulikuwa ukijipanga. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya iliwafanya wachumi duniani waanze kuitazama sekta isiyo rasmi kama kazi halisi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga jua. Magari yaliendelea kutengenezwa katika maeneo ya Nairobi ya Grogan, Burma na Kariobangi Light Industries, na miongoni mwa mafundi hao alikuwapo fundi wa betri. Betri za zamani zilikuwa na kasha la mpira mgumu lililozibwa kwa lami. Fundi aliyeyusha lami, akatoa seli iliyokufa, akaweka pleti kutoka betri nyingine, akajaza asidi na kuichaji polepole usiku kucha. Aliyejua kazi yake alipima kila seli, iliyopaswa kutoa takriban volti 2, badala ya kuamini jumla ya 12. Kwa lori la volti 24, aliunganisha betri mbili, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine.

Katika miaka ya 1990 minibasi za dizeli za Nissan na Isuzu zilipopambwa kwa spika kubwa na taa za rangi, mafundi hao walipata wateja wapya. Gari linalongoja abiria stejini huku muziki ukipigwa na injini ikiwa imezimwa hula betri haraka. Waya za jampa, za kuazima umeme kutoka betri ya gari jingine, zikawa mali ya lazima. Waya wa mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche ndogo huweza kuilipua usoni mwa fundi.

Risasi na asidi zimewadhuru mafundi kimya kimya, bila glavu wala barakoa. Ukubwa wa madhara ulionekana Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakaazi sumu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mafundi wa Nairobi wanaoyeyusha risasi ya aina hiyohiyo kwenye vibanda wanastahili ulinzi sawa, na bado hawajaupata.

Kusukuma kunapungua sasa kwa sababu za kiufundi. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, na mengi yanayoingia yana gia otomatiki, ambazo haziizungushi injini kwa kusukumwa. Katika injini mpya, dizeli nayo hunyunyizwa kwa amri ya kompyuta, na kompyuta isipopata umeme nozeli hazifunguki. Mabasi ya umeme yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Nayo, pamoja na betri kubwa ya kuendeshea, yana betri ndogo ya kuamsha mitambo, na hiyo ikifa basi zima halitikisiki, hata betri kubwa ikiwa imejaa.