Kujinyima Hakuponyi: Hoja Kuhusu Uraibu wa Chakula

Mtu anayekula hadi tumbo limuume, kisha akaamka usiku kula tena kwa kujificha, hupewa ushauri mmoja: apunguze. Ndugu humwambia hivyo, wahudumu wa afya humwambia hivyo, naye hujiapiza hivyo kila Jumatatu. Dai langu ni kwamba kwa mtu wa aina hii ushauri huo mara nyingi ndio unaolisha tatizo. Tiba yake huanza kwa kula, tena kula kwa saa zinazojulikana.

Dhana ya uraibu wa chakula si ngeni. Theron Randolph, daktari wa mzio nchini Marekani, aliandika kuihusu mwaka 1956. Mwaka 2009 Ashley Gearhardt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitunga dodoso linalopima ulaji kwa vigezo vya utegemezi wa dawa za kulevya: kutaka kuacha na kushindwa, kuendelea licha ya madhara, na kadhalika. Hata hivyo, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotoka mwaka 2013 haukuuorodhesha uraibu huo. Uliouingiza kama ugonjwa kamili ni ule wa kula kupindukia, yaani kula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku mtu akihisi hana uwezo wa kujizuia. Mabishano ya wataalamu yanaendelea, na mgonjwa hawezi kuyasubiri yaishe.

Ushahidi unaopendwa na watetezi wa dhana hii ni wa panya wa maabara ya Bartley Hoebel na Nicole Avena katika Chuo Kikuu cha Princeton. Panya walishindishwa njaa saa 12, kisha kwa saa 12 zilizofuata wakapewa chakula chao cha kawaida pamoja na maji ya sukari. Baada ya majuma kadhaa walikuwa wakiyabugia maji hayo, na walipoyakosa walionyesha dalili ambazo vijana wa mitaani wangeziita arosto. Habari hii husimuliwa kana kwamba mkosaji ni sukari peke yake. Kinachoachwa nje ni kwamba panya waliopewa sukari ile ile muda wote, bila kushindishwa njaa, hawakupatwa na hali hiyo.

Kwa binadamu tunao ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1944 na 1945 Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili, kwa majuma 24. Walikula hasa viazi, mkate na makaroni, wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo riwaya. Walipoachiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula zaidi ya kalori 5,000 kwa siku na bado hawakuhisi kushiba. Hawa hawakuwa waraibu walipoanza. Njaa ndiyo iliyowafikisha huko.

Njaa hiyo si lazima iwe ya kujitakia. Carolyn Becker na wenzake waliwachunguza watu waliokuwa wakipokea chakula cha msaada huko San Antonio, Texas, na katika matokeo yao ya mwaka 2017 waliokosa chakula zaidi ndio walioonyesha zaidi dalili za kula kupindukia. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuyasoma matokeo hayo kwa makini. Kaya inayokula vizuri wiki ya mshahara na kubana mwisho wa mwezi inaishi ndani ya mzunguko ule ule, na hakuna anayeuita ugonjwa.

Pingamizi lenye nguvu linatoka kwa Kevin Hall. Mwaka 2019 alichapisha jaribio la watu 20 waliokaa katika kituo cha utafiti nchini Marekani: walipopewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku kuliko walipopewa vyakula visivyosindikwa hivyo, ingawa waliruhusiwa kula kadiri walivyotaka katika vipindi vyote viwili. Basi chakula chenyewe kina lawama. Nakubali, na sioni ubaya mtu kuiondoa soda nyumbani. Lakini kuondoa soda ni tofauti na kuruka mlo. Mlevi anaweza kuishi bila pombe. Hakuna awezaye kuishi bila kula, na ndiyo maana hata chama cha Overeaters Anonymous, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1960 kwa kufuata hatua 12 za chama cha walevi wanaoacha pombe, kililazimika kueleza kujizuia kuwa ni kuacha ulaji usiozuilika, si kuacha chakula.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ile ya kisaikolojia aliyoiendeleza Christopher Fairburn wa Oxford. Mgonjwa huandika kila anachokula papo hapo, pamoja na alichokuwa akihisi. Kisha hupanga milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kati yake, asikae zaidi ya saa nne hivi bila kula mchana, hata kama jana usiku alibugia. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana hofu ya kunenepa humsukuma kuruka kifungua kinywa, na jioni humkuta na njaa ya siku nzima. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 unataka mgonjwa aanze na kitabu cha kujisaidia akiwa na msimamizi, na unataka aelezwe kwamba kupungua uzito si lengo la tiba hiyo. Wengi hukata tamaa wanaposikia hivyo. Ni afadhali waambiwe mapema.

Saumu ni suala jingine, kwa kuwa ina daku na futari kwa nyakati zinazojulikana. Hata hivyo mgonjwa aliye katikati ya tiba azungumze na daktari wake kabla ya Ramadhani.

Nawaomba wenzangu wa kliniki za lishe jambo dogo: kabla ya kumkabidhi mtu karatasi ya vyakula vilivyokatazwa, mwulizeni leo asubuhi alikula nini. Akijibu kwamba hakula kitu, msimpe karatasi hiyo.