Gari la Jamaa

Msomaji, ukijaliwa siku moja kuichagulia jamaa yako gari, kumbuka kwanza habari za matatu. Jina hilo lilitokana na nauli ya zamani: senti 30, yaani mapeni matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kuchukua abiria pasipo leseni maalumu, nayo biashara ikastawi. Lakini tamaa ya nauli ilipita idadi ya viti; ndipo mwaka 2004 sheria za Waziri John Michuki zikalazimisha mikanda, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Hata hivyo, katika njia za Kisii na Nyamira, Probox yenye viti vitano hujazwa kupita kiasi, na watoto hupakatwa. Basi, usihesabu magoti. Hesabu viti na mikanda. Mtoto naye ni abiria kamili.