Shehena ya Boksi

Fundi umeme wa Marekani, kabla hajafunga swichi ukutani, hulazimika kupiga hesabu. Kanuni za umeme za huko, NEC, kifungu cha 314.16, zinamtaka ajue boksi lile litabeba nini na nini. Hesabu hiyo tuiiteje kwa Kiswahili?

Jina linalotangulia mdomoni ni "ujazo wa boksi". Silikubali. Ujazo tulifundishwa darasani: ni nafasi ya ndani ya chombo, na haupungui wala hauongezeki hata chombo kikiwa kitupu. Hapa kinachotafutwa ni kile kilichopakiwa. Mabaharia walishayatenganisha mambo haya zamani, kwamba jahazi lina ukubwa wake na lina shehena yake. Basi iwe shehena ya boksi, na kanuni nzima inatamkika kwa pumzi moja: shehena isizidi ujazo.

Cha ajabu, shehena hii haipatikani kwa kupima waya wenyewe. Kila waya hupewa fungu la nafasi, kubwa kuliko mwili wake, kwa kuwa waya unaopitisha umeme hupata joto na joto linataka pa kutokea. Ukishindiliwa, ganda huchubuka na viungio hulegea, na kiungio kilicholegea ndicho kinachounguza nyumba. Fungu la waya namba 14 ni inchi za ujazo 2. La namba 12, ambao ndio mnene zaidi (namba zao huenda kinyumenyume), ni 2.25.

Chukua boksi la chuma la inchi za ujazo 18, pungufu kidogo ya soda ya mililita 300. Zinaingia kebo mbili za namba 12, kila moja ina laivu, nyutro na ethi. Laivu na nyutro ni mafungu manne. Ethi zote mbili ni fungu moja tu, maana hadi nne huhesabiwa pamoja. Vibanio vya kebo vya ndani, viwe vingapi, fungu moja. Swichi hula mawili. Manane mara 2.25 ni 18 kamili. Limejaa, lakini halali.

Sasa mwenye nyumba anataka kebo ya tatu, ya taa ya barazani. Ethi yake inajibana na wenzake bure, ila laivu na nyutro zinaongeza mafungu mawili. Shehena imefika inchi 22.5, na boksi linarudi dukani.