Hofu Huingilia Masikioni

Usiku usio na mbalamwezi, katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe huzima moto kambini na wanawake huanza kuimba. Mwanamume mmoja hutokea gizani, manyoya meusi ya mbuni kichwani, njuga mguuni, manyanga mkononi. Hukanyaga ardhi kwa kishindo. Hunyamaza. Hupiga mluzi, na wanawake humjibu. Akimaliza huingia mwingine. Hiyo ni epeme, ibada na wala si mchezo wa kutishana, lakini aliyekaa pale karibu haoni chochote. Anasikia tu, na mwili unamsisimka.

Sinema ilichelewa kuijua siri hiyo ya hofu kuingilia masikioni, kwa kuwa ilizaliwa bubu. Mwaka 1931 Fritz Lang alitengeneza huko Ujerumani filamu ya M, inayohusu muuaji wa watoto. Kabla hujauona uso wa muuaji unasikia mluzi wake, na kila mluzi unaporudi unajua kuna mtoto yumo hatarini. Bibi zetu wanaokataza kupiga mluzi usiku wasingeshangaa. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alikusudia mauaji ya bafuni katika filamu yake ya Psycho yasiwe na muziki. Mtunzi Bernard Herrmann, aliyetumia ala za nyuzi peke yake katika filamu nzima, akaweka fidla zinazopiga kelele. Hitchcock aliposikia, akabadili mawazo.

Kwetu sauti ya filamu ilianza na kazi nyingine kabisa. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham waliongoza mradi uliotoa filamu fupi 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kulipa kodi. Sauti haikuwa kwenye mkanda bali kwenye santuri, iliyochezwa sambamba na picha. Walipohamia kwa watu wa lugha nyingine, walibadili santuri. Sauti ile ilikuwa ya kueleza. Kwa maoni yangu mazoea hayo hayajatutoka hadi leo.

Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa mlangoni mwa uhuru, mwongozaji Howard Hawks alikuja na mwigizaji John Wayne kupiga picha za wakamata wanyama, kambi yao ikiwa Momella chini ya Mlima Meru. Filamu ikatoka 1962 kwa jina la Kiswahili: Hatari! Mtunzi wake, Henry Mancini, alipewa ala ambazo Hawks alirudi nazo kutoka Afrika, malimba yakiwamo. Katika kumfukuza faru, ngoma huungana na mngurumo wa gari. Ajabu ni kwamba wimbo uliobaki vichwani mwa watu ni ule wa kuchekesha, wa watoto wa tembo.

Baadaye yakaja mabanda ya video, na mfalme wao akawa Derek Mukandala, yaani Lufufu, aliyetafsiri na kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nampenda Lufufu. Lakini muuaji akinyata, Lufufu alikuwa ameshasema ananyata. Ukimya alioupanga mwongozaji ulijazwa maneno, kama ilivyokuwa kwa santuri za Vugiri.

Filamu za Bongo zilirithi woga huo wa ukimya. Mwongozaji Mussa Banzi alipotuletea filamu za Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, watu walitishika kweli. Waliofuata wengi wakachukua kinanda na kukiacha kinalia tangu mwanzo hadi mwisho: mtu akifungua mlango, kinanda, akinywa chai, kinanda kilekile. Sikio likizoea halishtuki tena.

Wakati huohuo sauti zenyewe zipo. Huko Balangdalalu wilayani Hanang, mchungaji wa Kibarbaig akiwa haoni mifugo vichakani, hufuata kengele za shingoni. Kengele zikienda mbio, kuna kitu. Zikinyamaza zote kwa mara moja, anashika mkuki. Mwongozaji mwenye akili angepata hapo dakika tatu za kutisha bila kinanda wala neno.

Basi ndugu zetu wa Bongo Movie, kabla ya kununua kamera nyingine, nunueni kinasa sauti kizuri, mpande basi la Katesh, huko Hanang.