Gitaa ya Usiku wa Uhuru Ilitengenezwa 1969

Wasee, leo tuongee kuhusu gitaa za zamani na vile zinapewa umri ambao si wao.

Miezi michache iliyopita nilienda Eastlands kuangalia gitaa ya umeme, Fender Stratocaster. Muuzaji alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu. Gitaa ilikuwa ya marehemu babake, aliyepiga na bendi za hapa Nairobi. Kabla hata sijaishika akaniambia, "Kijana, baba alipiga hii gitaa usiku wa Uhuru, 1963." Bei aliyotaja ilikuwa bei ya hiyo hadithi.

Kwa nini 1963 iwe na bei yake? Leo Fender alianza kuuza Stratocaster mwaka wa 1954, kutoka mji wa Fullerton, California. Januari 1965, kampuni yake ikanunuliwa na CBS, wale wa redio na televisheni, kwa dola milioni 13. Wapiga gitaa wengi wanaamini ubora ulianza kushuka hapo, ndio maana ukiingia kwa soko la gitaa za zamani utasikia "kabla ya CBS" ikitajwa kama dini. Gitaa ya 1963 inaweza kuuzwa bei ya juu kuliko ile ya 1969, na ukizitazama ukiwa mbali zinafanana. Kwa hivyo kila muuzaji ana sababu ya kurudisha mwaka nyuma. Na wengi hawadanganyi, wameambiwa tu.

Kosa la kwanza ambalo wanunuzi tunafanya ni kuamini namba ya kiwanda kama cheti cha kuzaliwa. Kwa Fender za miaka ya sitini, hiyo namba iko nyuma, kwa bamba la chuma linaloshika shingo. Sasa sikia: kule kiwandani bamba hazikufungwa kwa kufuata mstari. Mfanyakazi alichukua lile lililo karibu, akafunga. Namba ya juu inaweza kuwa kwa gitaa iliyotangulia, na ya chini kwa iliyofuata. Isitoshe, bamba lenyewe linashikwa na skrubu nne. Mtu yeyote mwenye bisibisi analibadilisha kwa dakika tano.

Kwa hivyo usiulize shahidi mmoja. Waulize wote, halafu uone kama wanakubaliana.

Shahidi wa kwanza ni kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinakazwa. Stratocaster za mwanzo zina kichwa kidogo. Mwishoni mwa 1965 Fender wakakiongeza ukubwa. Hii ya mzee ilikuwa na kichwa kikubwa, na hapo tu roho yangu ikashuka. Lakini shingo inaweza kubadilishwa, so nikanyamaza.

Shahidi wa pili alikuwa lile bamba. Lilikuwa na herufi F kubwa imegongwa chini ya namba. Hiyo F ilianza kutumika baada ya CBS kuingia. Bado nikanyamaza, kwa sababu tumeshaona bamba si la kuaminika.

Nikamwomba mzee ruhusa nifungue. Hii ni muhimu: usiguse skrubu ya mtu bila kuomba, na ulegeze nyuzi kwanza. Akakubali. Nikatoa ile plastiki ya mbele, nikaangalia vifaa vilivyo chini ya vitufe vya sauti, wanaviita poti. Kila poti imegongwa namba. 137 inamaanisha kiwanda cha CTS. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Hapa ilikuwa 1376632: CTS, 1966, wiki ya 32. Lehemu ilikuwa ya zamani, imefifia, haijaguswa. Kumaanisha hizo poti zilikuwa humo tangu kiwandani, na huo mwili haungeweza kuunganishwa 1963.

Mzee akasema, "Basi ni ya 1966. Miaka mitatu tu." Na hapo ndipo wengi huanguka. Tarehe ya poti haikuambii gitaa ilitengenezwa lini. Inakuambia tu haikutengenezwa kabla ya hapo. Fender walinunua shehena kubwa ya poti mwaka wa 1966 na wakaendelea kuzitumia hadi karibu mwisho wa muongo. Umri wa gitaa unafuata kipande chake kichanga zaidi kati ya vile vya asili.

Ikabaki shingo. Nikatoa skrubu nne, nikaigeuza. Kwenye kisigino, ile sehemu inayojificha ndani ya mwili, kulikuwa na stempu ya wino: namba ya modeli, NOV, 69, halafu herufi ya upana wa shingo. Novemba 1969. Rangi ya mbao, alama za skrubu, kila kitu kiliendana na mwili. Hakuna aliyebadilisha chochote. Gitaa iliunganishwa mwishoni mwa 1969 ama mapema 1970.

Mzee aliangalia ile stempu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya mfanyabiashara tena, "Kwa hivyo baba alidanganya?"

Nilijua anavyoweza kuona: kijana amekuja kubomoa jina la babake ili apunguziwe bei. Nikamwambia ukweli, kwamba hata ya 1969 imenizidi, sitaweza kuinunua. Na nikamwambia mbao inasema kitu kimoja tu, kwamba gitaa HII haikuwepo 1963. Haisemi chochote kuhusu babake.

Akampigia mamake simu. Mama hakuhitaji hata kufikiria. "Hiyo ni ya pili," alisema. "Ile ya Uhuru aliiuza, tukalipa karo ya dada yako."

Mzee hakuwa amezaliwa 1963. Alikua akiona gitaa moja na kusikia hadithi moja, akaziunganisha. Hadithi ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu ya gitaa nyingine.

Ndio maana siungi mkono wale wasee wanaosema hadithi za wazazi wetu ni porojo mpaka zithibitishwe. Na siungi mkono wanaosema kuchunguza ni kukosa heshima. Kama singefungua ile shingo, hakuna mtu angempigia mama simu, na ile karo ingezikwa pamoja naye siku yake ikifika.

So ukienda kununua gitaa ya zamani, beba bisibisi na tochi. Angalia kichwa, bamba, poti, lehemu, kisigino cha shingo. Vikikubaliana, lipa. Visipokubaliana, uliza swali lingine kabla hujamwita mtu mwongo.

Mzee alipunguza bei. Last time niliuliza, bado hajauza. Sidhani anatafuta mnunuzi sana siku hizi.